Kitabu cha Bure Kinamgharimu Nani?

Vibanda vya kurusha muvi na nyimbo kwenye flashi bado vipo Mtoni, kuanzia Kwa Azizi Ali hadi Mtongani, lakini wizi mkubwa wa kazi za sanaa umeshahama. Siku hizi mtu mmoja anaskani kitabu kizima, anakipandisha kwenye huduma ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, kisha anasambaza kiungo kwenye makundi ya WhatsApp. Usiku mmoja unatosha kuwafikia watahiniwa wa Temeke, Kinondoni na hata Kigoma.

Chukua Wasakatonge, diwani ya M. S. Khatib. Mtunzi alifariki mwaka 2021. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi katika maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Anayedhani kazi ya marehemu haina mwenyewe amekosea. Hii ina wenyewe hadi 2071.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo inakataza kuvunja haki hizi kwa kutumia kompyuta, na anayefanya biashara huadhibiwa vikali zaidi. Naiona tofauti hiyo kuwa ya haki. Mwanafunzi aliyepakua sura moja asitiwe kapu moja na jamaa anayevuna fedha za matangazo kila kiungo chake kinapobofywa.

Je, kufunga huduma hizo kunatosha? Januari 2012 Marekani iliifunga Megaupload, moja ya huduma kubwa za aina hii duniani. Watu walihamia kwingine. Tena watunzi wetu hawana mawakili kama wa Hollywood. Kazi ya kuziandikia kampuni za nje ziondoe mafaili ingefaa ifanywe na COSOTA, asiachiwe mtunzi mmoja mmoja.

Hoja ya bei naikubali. Kununua vitabu vyote vya fasihi kwa mkupuo ni mzigo kwa mama lishe mwenye watoto watatu shuleni. Lakini dawa yake ni maktaba za shule zenye nakala za kutosha, na nakala za simu zinazouzwa kidogo kidogo, kama vifurushi vya intaneti. Hapa wachapishaji wetu wamelala mno.

Na faili la wizi lina hasara yake kwako mtahiniwa. Kurasa zimerukwa, pembe zimekatwa pamoja na namba za maswali, na huenda toleo ni la muhtasari wa zamani. Ukikuta kosa katika kitabu hiki, mchapishaji wa kumlaumu unamjua. Huko, aliyeskani hulijui hata jina lake.