Tumwambie Mganga Neno Sahihi



Wengi wetu tukifika zahanati husema, "Naumwa." Neno hilo halitoshi. Kidonda huuma. Upele huwasha. Jipu hupwita. Tumbo husokota. Mguu ulioukalia hufa ganzi. Kila neno lina maana yake.

Tuchukue mfano wa baka la ngozi. Baka linalowasha huenda ni choa. Lakini baka lililokufa ganzi haliwashi wala haliumi. Likiguswa kwa unyoya, mtu hasikii kitu. Hiyo ni dalili ya ukoma. Vijidudu vya ukoma huharibu mishipa ya fahamu.

Mwenye baka hilo husema, "Siumwi," akabaki nyumbani. Kwa maoni yangu, neno hilo ni la hatari kuliko "naumwa." Kutoumwa si uzima. Akiwahi, hupewa dawa bure, akazimeza kwa miezi 6 au 12, akapona. Akichelewa, vidole huweza kulemaa.

Basi tukienda kwa mganga tueleze mambo matatu. Ni wapi? Tangu lini? Panauma, panawasha, au pamekufa ganzi?