Hesabu Ziko Kwenye Kikapu

Wanachuo wenzangu, hasa sisi tunaosomea ualimu, nina hoja moja tu: mama anayesuka vikapu anajua hesabu, na sisi tunaojiandaa kufundisha hesabu tunampita kila siku bila kumuuliza kitu.

Chukua kikapu cha Kisukuma, kile cha nyasi za kuzungushwa. Msukaji anashika kifungu cha nyasi, anakizungusha kuanzia kitovuni, na kila mzunguko anaushonea kwenye ule uliotangulia. Tuseme kifungu kina unene wa sentimita 1. Kila mzunguko wa kitako utauzidi uliopita kwa sentimita 6.28 hivi, yaani pai mara mbili. Uwe mzunguko wa tatu au wa kumi na tatu, ongezeko ni lile lile. Kwa hiyo kila akizunguka anaongeza idadi ile ile ya mishono. Asipoongeza, mishono inaachana na nyasi zinachungulia. Akitaka kuta zisimame, anaweka kifungu juu ya kingine badala ya pembeni, basi mzunguko haurefuki tena na yeye anaacha kuongeza. Akitaka maua 8 yaliyolingana, mishono lazima igawanyike kwa 8 bila baki. Ndiyo mfuatano ule ule tunaoukariri kwenye madesa. Yeye anao kichwani, na anaufanya huku anapiga stori.

Hili si wazo la kijiweni. Msumbiji, Profesa Paulus Gerdes alitumia miaka mingi kuchambua hesabu zilizomo kwenye mikoba ya sipatsi, inayosukwa na wanawake wa Inhambane, na aliipeleka kwa walimu. Marekani, Diné College, chuo cha Wanavajo kilichoanzishwa mwaka 1968, kinafundisha ufumaji wao wa asili kama somo la chuo. Hawakungoja usuki na ufumaji ufe ndipo wauite urithi.

Sisi je? Tangu Mwalimu Nyerere atoe Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, shule zetu zimeimba kazi za mikono. Lakini wengi wetu tunajua ilivyokuwa: mwanafunzi anaambiwa alete ungo au mkeka, bibi anausuka usiku, mtoto anapewa alama, mkeka unabaki ofisini. Bibi hakuitwa darasani hata siku moja. Hapo mtoto alijifunza nini, zaidi ya kwamba kusuka ni kazi ya kumtuma mtu mwingine?

Kuna atakayesema vikapu vimepitwa na wakati. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, wengi tulidhani kikapu kimerudi mjini. Ikaja mifuko mbadala ya bei chee, na kikapu kilichokula siku kadhaa za mtu hakiwezi kushindana nayo. Sawa, sokoni kimezidiwa. Ndiyo sababu nasema tusikiachie soko peke yake. Msukaji asipopata mnunuzi, binti yake hatajifunza; na asipojifunza yeye, ile hesabu inazikwa na mama yake.

Bujora, pale Kisesa, Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement yametunza vifaa vya wazee wetu. Ni jambo la kushukuru. Ila kikapu kilichotundikwa ukutani hakimfundishi mtu mkono unavyokwenda. Hilo linamhitaji msukaji mwenyewe.

Sasa mtaala mpya umeleta mkondo wa amali, na sisi ndio tutakaousimamia. Napendekeza mambo mawili. Serikali yetu ya wanafunzi ialike wasukaji wa hapa Mwanza kila semista, wafundishe, na walipwe kama mhadhiri mgeni anavyolipwa, si soda na ahsante. Na sisi, tukienda mazoezi ya kufundisha, kila mmoja amtafute msukaji mmoja jirani na shule, amlete kwenye kipindi cha hesabu, na jina lake liandikwe kwenye andalio la somo.

Silabasi ni ndefu, najua. Lakini mfuatano umo humo humo kwenye silabasi. Tunachobadilisha ni nani anasimama mbele ya darasa.