Mashine Hutoa Joto, Haitoi Malezi

Yai la kuku na yai la kasuku huweza kuanguliwa katika mashine za namna moja, kwa joto linalokaribia digrii 37.5 za Sentigredi. Tofauti huonekana baada ya ganda kupasuka. Kifaranga wa kuku hutoka baada ya siku 21 akiwa na manyoya na macho yaliyo wazi, na haupiti muda mrefu kabla hajaanza kudonoa. Kinda wa kasuku wa kijivu hutoka baada ya siku zipatazo 28 akiwa kipofu, karibu uchi, asiyeweza kujilisha. Huyu hahitaji joto tu; ahitaji mlezi.

Wafugaji wengi wa biashara huwaondoa makinda kiotani makusudi, wakiamini kwamba kasuku aliyelishwa kwa mkono huwa rafiki wa mtu. Imani hiyo ni nusu ya ukweli. Mwaka 1935 Konrad Lorenz wa Austria alieleza jinsi vifaranga wa bata bukini wanavyomfuata, kama mzazi, kiumbe wa kwanza anayewaongoza. Kasuku naye hujifunza kutoka kwa mlezi wake yeye ni nani. Huko New Zealand, Sirocco, dume la kakapo aliyeanguliwa mwaka 1997, aliugua akalelewa na watu. Alipokomaa alitafuta wachumba miongoni mwa watu, majike wa jamii yake asiwajali.

Mashine yenyewe haina lawama. Mwaka 1995 kakapo waliojulikana walikuwa 51 tu. Leo wamezidi 200, na uatamiaji wa mayai kwa mashine umechangia. Lakini wataalamu huwarudisha makinda viotani kila inapowezekana, na wanaolishwa kwa mkono hulelewa pamoja na wenzao.

Hapa ndipo penye funzo kwetu. Kasuku wa kijivu ni mwenyeji wa misitu ya Kongo, Uganda, hata Kakamega. Mwaka 2016 mataifa yaliamua kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku hao waliokamatwa porini, hivyo ufugaji umezidi kutegemewa. Kwa hiyo yafaa ulishaji wa mkono uwe kama dawa: apewe kinda yatima au mgonjwa. Mwenye wazazi wazima aachiwe wazazi wake. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Biolojia imethibitisha kwamba hata kasuku hayumo nje ya kanuni hiyo.