Kizimba cha mbwa garini ni kinga ya abiria pia

Wenye magari wengi wanaoishi Diani na Ukunda siku hizi hufuga mbwa wa aina kubwa, hasa German Shepherd na Rottweiler, kwa ajili ya ulinzi. Aghalabu mbwa huyo huletwa nyumbani akiwa mdogo na hupakatwa na watoto kwenye kiti cha nyuma. Watu huliona jambo hilo kuwa la kupendeza. Daktari wa binadamu huliona kwa jicho jingine, kwa sababu kinachopakatwa leo kikiwa na kilo saba au nane, baada ya mwaka mmoja kitakuwa na kilo 30 au zaidi, na mazoea yatakuwa yaleyale.

Hebu tupige hesabu. Gari likienda kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa kisha likagonga kitu na kusimama ghafla, mbwa asiyefungwa huendelea kwenda mbele kwa kasi hiyohiyo. Kishindo chake ni sawa na cha mbwa kuanguka kutoka urefu wa karibu mita 10, yaani juu ya nyumba ya ghorofa tatu. Atakayemwangukia ni mtoto aliye kando yake au dereva aliye mbele yake. Kasi ikifika kilomita 100, kishindo hicho huongezeka mara nne. Katika barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga, ambako bodaboda, ng'ombe na watoto wa shule huvuka wakati wowote, kufunga breki kwa ghafla ni jambo la kila siku.

Kwa hivyo, msomaji, kizimba cha kumsafirishia mbwa si anasa ya watu wa hotelini. Ni kama mkanda wa usalama, na wa kwanza kufaidika ni abiria.

Kosa linalofanywa na wanunuzi wengi ni kununua kizimba cha kumtosha mbwa alivyo sasa. Mbwa wa aina kubwa huendelea kukua hadi miezi 18, na wengine hadi miaka miwili. Kizimba kidogo humshinda baada ya miezi michache, mwenyewe huona uchungu kutoa fedha tena, na mbwa huachwa huru garini wakati uleule anapokuwa mzito, mwenye nguvu na mtundu. Rahisi imegeuka ghali.

Maoni yangu ni kwamba kinunuliwe kizimba kimoja tu, cha kipimo cha mbwa mzima, chenye kigawanyo cha ndani kinachoweza kusogezwa. Mtoto wa mbwa akiwekwa peke yake katika nafasi kubwa atarushwa huku na huku kila gari likipinda kona. Kigawanyo humpa nafasi inayomtosha, nacho husogezwa nyuma kadiri anavyokua.

Ili kujua atafikia ukubwa gani, mwombe anayekuuzia akuonyeshe mama yake, na baba pia ikiwezekana. Mpime mzazi kutoka puani hadi shina la mkia, na kutoka ardhini hadi ncha ya masikio. Ongeza sentimita 10 hivi kwa urefu na tano au zaidi kwa kimo. Mbwa aweze kusimama bila kuinama, kugeuka na kulala. Nafasi ya ziada kuliko hapo haina faida safarini. Kisha pima mlango wa nyuma wa gari lako kabla hujalipa senti yoyote.

Mafundi wa kuchomelea vyuma wanaweza kukutengenezea kizimba. Mwambie fundi matundu ya wavu yawe madogo kuliko mguu wa mbwa, ncha zote zilainishwe, na rangi ya kuzuia kutu ikauke kabisa, maana hewa yetu ya chumvi hula chuma upesi. Kizimba kiwekwe nyuma ya kiti kilichosimamishwa wima, na kifungwe kwa mikanda imara kwenye vyuma vya sakafu. Kamba za mpira hazifai kwa kuwa hunyumbuka. Kizimba kisichofungwa ni mzigo mwingine wa kumwangukia abiria. Vya kitambaa navyo havistahimili ajali.

Mwenye gari dogo lisilo na nafasi hiyo atumie mkanda wa kifuani wa mbwa unaofungwa kwenye mkanda wa kiti cha nyuma. Asimtie kamwe ndani ya buti iliyofungwa.

Joto ni adui mwingine. Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba joto ndani ya gari lililoegeshwa juani lilipanda kwa wastani wa nyuzi 22 za Selsiasi kwa saa moja, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitokea katika nusu saa ya kwanza. Kufungua vioo kidogo hakukusaidia. Mbwa hujipoza zaidi kwa kuhema, na unyevu wa hewa ya pwani hupunguza nafuu hiyo. Ndiyo sababu napendelea kizimba cha wavu unaopitisha hewa pande zote, na nashauri safari za asubuhi au jioni, maji yakiwa karibu. Anayengoja feri kwenye foleni ya Likoni akiwa amezima gari asimwache mbwa ndani, sembuse mtoto.

Kwenye feri yenyewe, waendao kwa miguu hupita karibu mno na magari. Mbwa aliyetoa kichwa dirishani anaweza kumuuma mtu. Vilevile, kwa jirani zetu Waislamu, mate ya mbwa ni najisi, na adabu ya ujirani inatudai tusimlazimishe mtu kwenda kufua nguo kabla ya kuswali. Kizimba humaliza mambo yote mawili. Hata ajali ikitokea, mbwa aliyeingiwa na hofu hatawauma waliokuja kuokoa majeruhi.

Hata hivyo, kizimba si badala ya chanjo. Mbwa achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa afikapo miezi mitatu, kisha arudiwe kama daktari wa mifugo atakavyoelekeza. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Dalili za ugonjwa huu zikishajitokeza, kupona ni nadra mno.

Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumsafirisha mnyama kwa namna ya kumtesa bila sababu. Lakini tusingoje polisi. Samaki mkunje angali mbichi: mzoeze mtoto wa mbwa kula na kulala ndani ya kizimba nyumbani, mlango ukiwa wazi, kabla ya safari ya kwanza. Na kama fedha hazitoshi kununua mbwa na kizimba kwa pamoja, anza na kizimba. Mbwa anaweza kungoja mwezi mmoja zaidi.