Heri Kujikwaa Kidole Kuliko Ulimi

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole hupona baada ya siku chache, lakini neno likishatoka mdomoni halirudi. Ndugu msomaji, nimeshika kalamu kwa sababu tangu tupande Mlima Longonot muhula uliopita, waliojikwaa miguu wamekwisha kupona, ila ndimi zingali zinajikwaa kila siku hapa shuleni.

Kwa wale ambao hawakuwapo, nitaeleza kwa ufupi. Tulikwenda wanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu pamoja na walimu wawili. Mlima ule una urefu wa mita 2,776. Udongo wake ni majivu ya volkano, na maji ya mvua huuchimba yakaacha mifereji yenye kina kirefu njiani. Tulipofika juu, kwenye ukingo wa kreta, mvua ikatukuta. Wakati wa kuteremka, msichana mmoja wa kidato cha pili aliteleza akateguka kifundo cha mguu. Ikabidi abebwe kwa zamu, hatua kwa hatua, na giza likatufikia kabla hatujafika langoni. Hakuna aliyekufa. Msichana yule alipona na sasa anacheza netiboli kama kawaida.

Mkasa ungeishia hapo. Lakini Jumatatu iliyofuata zikaanza fununu, ati safarini palikuwa na mtu mwenye mkosi. Akatajwa mvulana mmoja ambaye asubuhi ile alicheleweshwa na matatu, akatukuta tumekwisha kuomba na kuingia ndani ya basi. Ati kwa kuwa hakuomba pamoja nasi, yeye ndiye aliyetuletea mvua! Akabandikwa jina la Yona. Hadi leo anaitwa Yona darasani, uwanjani, hata kwenye foleni ya githeri. Wapo wasiotaka kukaa naye dawati moja. Jamani, hii ndiyo dini?

Mimi nasema la hasha! Tena nitatoa sababu zangu.

Kwanza, wanaomwita Yona hawajaisoma vizuri hata sura ya kwanza ya kitabu chenyewe. Yona aliikimbia kazi aliyotumwa na Mungu, na yeye mwenyewe akakiri. Mwenzetu alimkimbia nani? Alichelewa tu, kama siye wa shule ya kutwa tunavyochelewa kila wiki. Isitoshe, wale mabaharia hawakuwa wakimwabudu Mungu wa Yona, lakini walipiga makasia kwa nguvu zao zote wakijaribu kurudi nchi kavu kabla ya kukubali kumtupa baharini. Walimhurumia. Sisi tunaojiita waumini tumemtupa mwenzetu bila kushika hata kasia moja.

Pili, Yesu mwenyewe aliwataja watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu, akakanusha kwamba walikuwa wakosaji kuliko wenyeji wengine wa Yerusalemu. Alifundisha pia kwamba Mungu huwanyeshea mvua wema na waovu. Kama ni hivyo, mvua ya Longonot itamchaguaje mtu mmoja?

Tatu, tutazame mambo yaliyotokea katika nchi yetu. Mnamo Aprili 2012, katika mbuga ya Hell's Gate iliyo jirani na Longonot, vijana saba waliokuwa katika matembezi ya kanisa walisombwa na mafuriko ya ghafla korongoni wakafa. Je, nani atathubutu kwenda kwa wazazi wao aseme kwamba watoto wao walikuwa na mkosi? Korongo lile ni jembamba, na maji ya mvua iliyonyesha kwingine yanaweza kulijaza kwa muda mfupi sana. Maji hayaulizi nani ameomba.

Tena, mnamo Septemba 1970, daktari mmoja wa Austria aitwaye Gert Judmaier alianguka karibu na kilele cha Batian katika Mlima Kenya akavunjika mguu. Alikaa siku nyingi kwenye mwamba na baridi kali huku waokoaji wakihangaika kumfikia. Rubani Jim Hastings alirusha helikopta kwenda kusaidia. Helikopta ikaanguka mlimani, naye akafa. Judmaier aliokolewa akaishi. Sasa niambieni, enyi mabingwa wa kutafuta wenye mikosi: ikiwa ajali ni dalili ya dhambi, mbona aliyekufa ni yule aliyekwenda kumsaidia mwenzake? Hesabu hiyo haitoki, hata ukiipeleka kwa mwalimu wa hisabati.

Huenda mtu akasema kwamba ninapinga maombi. Sivyo hata kidogo. Ninachopinga ni kuyafanya maombi kuwa hirizi. Ndugu zetu Waislamu hufundishwa kumfunga ngamia kwanza, kisha kumtegemea Mwenyezi Mungu. Nasi pia tuombe, kisha tutazame mawingu. Tuulize hali ya hewa itakuwaje, tubebe makoti ya mvua, tochi na sanduku la huduma ya kwanza, tena tuwe na saa maalumu ya kugeuka hata kama kilele hakijafikiwa. Kugeuka nyuma si kukosa imani. Tahadhari nayo ni ibada, maana uhai tunaoulinda si mali yetu.

Kuna somo jingine ambalo wengi wamelisahau kwa sababu ya kelele za Yona. Tulipokuwa tukipanda, wenye nguvu walitangulia wakatucheka siye wa nyuma. Tulipokuwa tukishuka, mwendo wetu sote ulikuwa mwendo wa yule aliyeumia. Hakuna aliyekimbia mbele. Hakuna aliyeuliza wa kanisa hili au la lile, wala nani analipa karo na nani anadaiwa. Na huyo mnayemwita Yona alikuwamo katika zamu ya kumbeba, mara mbili. Kwa maoni yangu, ibada ya kweli siku ile ilikuwa pale matopeni, naye hakuikosa.

Kwa hivyo naomba mambo mawili. Walimu wetu wasiifute safari ya mwaka huu, bali tupangiwe iliyo na maandalizi bora. Nanyi wenzangu, mvulana yule ana jina alilopewa na wazazi wake, nalo limo katika rejista. Muiteni kwa jina hilo. Atakayeshindwa kulitamka basi na anyamaze, kwani kimya nacho kina mshindo.