Mipaka ipimwe kwa nauli

Mwaka 2009 nilitoka Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kwenda Sumbawanga, makao makuu ya mkoa wetu wa Rukwa, kufuatilia malimbikizo ya mshahara wangu wa ualimu. Nililala Mpanda, alfajiri nikadandia basi, vumbi hadi kwenye kope. Kufika, naambiwa: “Mhusika yuko safarini, mwalimu. Rudi Jumatatu.” Nauli ya kurudi nilikopa.

Mwaka 2012 mkoa wa Katavi ukamegwa kutoka Rukwa, Mpanda ikawa makao makuu. Safari yetu ikapungua zaidi ya nusu.

Wapo wanaosema mkoa mpya ni mashangingi na viti vya kuzunguka tu. Wana hoja: mstari kwenye ramani hauchongi barabara, na ofisi isiyo na bajeti ni kibao tu. Lakini dawa si kuiacha mipaka ilivyo.

Nashauri wanaokata mikoa, wilaya na majimbo wasihesabu vichwa peke yake. Wahesabu pia saa za njiani, nauli na usiku wa kulala ugenini. Na kabla ya kushika kalamu, wapande basi letu, tena wakati wa masika.