Homa ya Bonde la Ufa: Kwa nini damu ya kondoo yafaa kupimwa kwanza

Mvua kubwa inyeshapo Kaskazini Mashariki mwa Kenya, mfugaji hupata malisho aliyoyangojea kwa muda mrefu, lakini hupata pia sababu ya kuhofu. Maji yakituama katika nyanda za Garissa na Ijara, huanguliwa mayai ya mbu yaliyolala ardhini kwa miaka, na baadhi ya mbu hao huzaliwa wakiwa tayari wamebeba virusi vya Homa ya Bonde la Ufa.

Maradhi hayo, yaliyoelezwa na wataalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1931 baada ya kuangamiza kondoo karibu na Naivasha, yalidhihirisha makali yake Garissa wakati wa mvua za El Nino. Mnamo Desemba 1997, vifo 170 vilivyohusishwa na homa ya kutokwa damu viliripotiwa katika wilaya hiyo.

Hata hivyo, ni uchunguzi wa damu uliofichua ukubwa halisi wa janga lenyewe. Kati ya watu 171 waliopimwa, 31 walikuwa na kingamwili aina ya IgM, ambayo ni dalili ya maambukizi ya hivi karibuni. Kutokana na matokeo hayo, watafiti walikadiria kwamba watu wapatao 27,500 waliambukizwa katika Wilaya ya Garissa pekee. Wengi wao waliugua na kupona bila kujua kilichowapata.

Kipimo hicho hutegemea kumbukumbu ya mwili. Kingamwili za IgM hujitokeza siku chache baada ya mtu kuugua na hutoweka baada ya wiki au miezi kadhaa. Zile za IgG hufuata, na hudumu kwa miaka mingi. Kwa hivyo, tone la damu laweza kueleza iwapo mtu ameambukizwa juzi au zamani.

Mwaka 2006, kabla ya mkurupuko mwingine kuzuka, wakazi 248 wa Gumarey na Sogan-Godud, Ijara, walipimwa. Asilimia 13 walikuwa na IgG, na ushahidi ukaonyesha kwamba virusi viliendelea kuambukiza hata katika miaka isiyokuwa na mkurupuko. Waliowahi kutupa vijusi vya mifugo iliyoharibu mimba walikuwa miongoni mwa walioathirika zaidi. Ilipofika Machi 2007, Kenya ilikuwa imeripoti wagonjwa 684, na 155 kati yao walikuwa wamefariki.

Idadi hiyo yaonyesha kasoro moja ya kuwategemea wagonjwa kuwa kengele ya hatari. Anayevuja damu aweza kufa katika muda wa siku chache, pengine kabla mwili wake haujatengeneza kingamwili za kutosha kuonekana. Katika siku hizo za mwanzo hupaswa kutafutwa virusi vyenyewe. Isitoshe, Garissa iko takriban kilomita 370 kutoka Nairobi, zilipo maabara kuu, na sampuli hazina budi kusafirishwa zikiwa baridi. Jibu likija, mara nyingi huwa linathibitisha msiba uliokwisha kutokea.

Wanyama, kwa upande mwingine, hutangulia. Kondoo na mbuzi huharibu mimba kwa wingi, na wana-kondoo hufa. Wafugaji wa Kisomali, ambao huuita ugonjwa huu sandik, waliwaeleza watafiti baada ya mkurupuko wa 2006 na 2007 kwamba zaidi ya wiki mbili zilipita kati ya mnyama wa kwanza kuugua na binadamu wa kwanza. Wiki mbili zatosha kuwaonya watu wasichinje wanyama wagonjwa, wasinywe maziwa mabichi na wasiguse vijusi kwa mikono mitupu.

Kikwazo ni pesa. Mwaka 2007 uchinjaji na usafirishaji wa mifugo ulipopigwa marufuku, soko la Garissa lilinyamaza, na familia zisizokuwa na mgonjwa zikakosa chakula. Mfugaji anayejua kwamba jibu la maabara laweza kumfungia soko hana motisha ya kumwita daktari wa mifugo. Kuna pia utata wa chanjo: kingamwili za mnyama aliyechanjwa hazitofautiki kwa urahisi na za aliyeugua. Ndiyo maana wanyama wachanga wasiochanjwa, waliozaliwa baada ya mvua zilizopita, ndio mashahidi bora.

Tangu mwaka 2013 huduma za mifugo zimekuwa mikononi mwa serikali za kaunti. Wajibu wao ni kuteua makundi ya mifugo ya kupimwa mara kwa mara, kuweka rekodi za chanjo, na kutangaza mapema fidia atakayopata mfugaji ambaye taarifa yake itasababisha soko kufungwa. Bila ahadi hiyo, wa kwanza kujua ataendelea kuwa wa mwisho kusema, na idadi ya walioambukizwa itajulikana tena kwa kuwapima walionusurika.